Mbio zangu za kwanza ni Brands Hatch, na mama hajui

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa Tanga, sasa naishi Leicester, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kabla ya kuja huku nilikuwa bodaboda. Kijiwe chetu kilikuwa Chumbageni, na abiria wangu wengi walikuwa wa Raskazone, kwa hiyo pikipiki si kitu kigeni kwangu. Huku nilinunua Suzuki SV650 ya zamani, nikawa naipeleka uwanjani siku zile watu wanalipia kuendesha bila kushindana. Watu wakaanza kuniambia nina mkono. Mmoja akanisukuma nikafanye kozi ya ACU, chama kinachosimamia mbio za pikipiki huku, nikafaulu mtihani wa bendera na ule wa kuendesha, na sasa nina leseni ya mwanagenzi. Nimeshalipia mbio za klabu, uwanja wa Brands Hatch ulioko Kent, ile njia fupi, daraja la minitwins, yaani la pikipiki kama hii SV yangu. Zimebaki wiki sita.

Tangu nilipe, usingizi umepungua. Kona siziogopi sana, ninachoogopa ni watu. Siku za mazoezi kila mtu anakupita kwa adabu, lakini nikitazama video za mbio za klabu naona thelathini wanaingia kona ya kwanza kama abiria wa daladala ya mwisho. Naogopa kugongwa kwa nyuma. Naogopa pia kuwa wa mwisho, na tena nimeambiwa mwanagenzi lazima avae kizibao cha rangi ya chungwa ili kila mtu amjue. Kwa kweli naona aibu.

Kuna mshkaji wangu ananiambia niiuze SV ninunue Yamaha R1, eti na SV nitachekwa. Yeye ndoto yake ni zile mbio za barabarani za Kisiwa cha Man, anasema tukikaza miaka miwili tutafika.

La mwisho ni mama. Yuko Tanga, na tangu jirani yetu afariki kwa bodaboda hataki hata kusikia neno pikipiki. Anajua ninapanda basi kwenda kazini. Nimwambie, au nimwache na amani yake?

Kijana wa Chumbageni, Leicester

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na huyo mshkaji, maana ndiye atakayekuumiza mapema kuliko kona yoyote. SV usiiuze. R1 inatoa nguvu za farasi zipatazo 200, yako ina 70 na ushee. Njia fupi ya Brands Hatch ina urefu wa kilomita 1.94 tu, na hakuna mahali pa kunyoosha hizo 200 ukazifaidi. Mwanagenzi akipanda R1 pale, siku nzima anapigana na chombo: anavuta mafuta kidogo, anafika konani na mwendo asiouweza, anashika breki kwa hofu, anapinda taratibu, kisha anavuta tena. Jioni anarudi nyumbani amejifunza kuogopa. SV utaifungulia mkono mzima na bado itakusikiliza, na kwa kuwa haina nguvu za kukuokoa baada ya kona, itakulazimisha kupita konani vizuri. Ndiyo maana klabu za Uingereza zina daraja la pikipiki za aina yake.

Kuna na suala la mfukoni. SV650 zimetengenezwa tangu 1999, vipuri vyake vilivyotumika vimejaa na bei yake inavumilika. Pikipiki ya mbio inunuliwe kwa hesabu kwamba siku moja utaiangusha. Kama ukiitupa Jumapili huwezi kulipa kodi ya nyumba mwezi huo, hiyo si pikipiki yako ya mbio. Na hesabu hiyo uifanye kwa mwili wako pia. Wewe unalipwa kwa saa, na kazi yenyewe ni ya kunyanyua wazee. Mfupa ambao waendesha pikipiki za mbio huvunja mara kwa mara ni mtulinga, ule wa kati ya shingo na bega, na mtu mwenye mtulinga uliovunjika hamwinui mzee kitandani kwa wiki kadhaa. Kabla hujanunua tairi jipya, weka kando pesa ya wiki hizo. Kama una bima ya maisha, soma maandishi madogo: nyingi hazilipi kitu kwa mashindano ya vyombo vya moto. Na kama uko kwa viza ya kazi au ya masomo, ujue kwamba nyingi kati yake zinakataza uanamichezo wa kulipwa. Mbio za klabu ni za ridhaa, unalipa wewe, na kikombe si mshahara. Lakini siku akitokea mtu wa kukulipa uendeshe, muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

Kisiwa cha Man mwache nacho yeye. Njia ile ina kilomita 60 na kitu kwa mzunguko mmoja, kona zaidi ya 200, na pembeni hakuna changarawe ya kukupokea, kuna kuta za mawe, nyumba za watu na nguzo. Leseni yako hairuhusiwi hata kuomba. Anayetaka kwenda huko hupandishwa madaraja kwanza kwenye viwanja vya kawaida, na wengi wakishafika daraja hilo hamu yenyewe imeshapungua.

Sasa pikipiki, maana wiki sita si nyingi. Wanagenzi wengi hupoteza asubuhi yao ya kwanza kwenye ukaguzi kwa sababu ya waya. Nati ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia oili na filta ya oili vyote vinatakiwa kufungwa waya ili visijifungue vyenyewe kwa mtetemo. Nati unaitoboa kichwa kwa drili nyembamba, milimita 1.5 inatosha. Toboa polepole huku unadondoshea oili kwenye ncha, kwa sababu drili nyembamba zinakatika ovyo na kipande kikibaki ndani ya nati utanunua nati nyingine. Pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu, usokote, ufunge ncha ya pili mahali pasipocheza. Halafu simama uutazame: je, waya unavuta nati kuelekea upande wa kukaza? Nimeona pikipiki zimefungwa waya mzuri kabisa, umesokotwa kama wa ndege, lakini umevuta upande wa kulegeza. Filta haina pa kutoboa, kwa hiyo izungushie klipu ya bomba la maji, ikaze, na waya ufungwe kwenye klipu.

Kwenye rejeta mwaga kuulanti yote, ile dawa ya kupoza injini, suuza, weka maji matupu. Kuulanti yenye glaikoli ikimwagika kwenye lami inateleza na haikauki upesi, na anayeangukia hapo ni mwenzako. Ila huko si Tanga: msimu ukiisha mwaga na hayo maji, la sivyo baridi itayagandisha ndani ya injini na kuipasua. Plastiki ya chini iwe nzima, yenye ukingo, iweze kukinga oili injini ikipasuka. Mkono wa mafuta ukiuachia urudi wenyewe mara moja, usukani ukiwa umekatwa kushoto na hata kulia. Weka ile kinga ya wenzo wa breki ya mbele, ambayo kazi yake ni kuzuia bega au usukani wa mwenzako kukushikia breki usiyoitaka. Weka na kile kipande kinachozuia vidole kuingia kati ya cheni na sproketi ya nyuma. Stendi, vioo na indiketa vyote ving'olewe. Kitabu cha kanuni cha mwaka huu kisome mwenyewe, na kanuni za daraja lako pia, hasa kuhusu tairi, usitegemee maneno ya kijiweni.

Wakaguzi wataangalia na nguo zako: helmeti, suti ya ngozi, glavu, buti, kinga ya mgongo. Suti yenye mshono uliofumuka inarudishwa. Vaa shingoni kibati chenye jina lako na tarehe ya kuzaliwa. Najua kinatisha kukivaa, lakini daktari wa uwanjani hana muda wa kupekua begi lako.

Fika Ijumaa jioni kama unaweza, ulale ndani ya gari. Njoo na mtu mmoja, hata kama hajui tofauti ya plagi na pua. Kazi yake ni kukushikia pikipiki, kukumbuka saa ya kuitwa kwako, na kukulazimisha unywe maji. Chukua wenzo wa breki wa akiba, wa klachi, wa gia, na vikanyagio viwili, kwa sababu pikipiki ikilala hata kwa mwendo mdogo hivyo ndivyo vinavyovunjika, na mtu mwenye navyo anarudi mbioni mchana huohuo. Chapati kwenye hotpoti zitakufaa kuliko chipsi za uwanjani. Ule mkutano wa wageni wa asubuhi usiukose, na ukiwemo humo usijifanye unajua.

Kufuzu ni dakika chache tu. Toka mapema, usijisumbue na saa, hesabu alama zako: wapi unashika breki, wapi unapinda, wapi unaanza kuvuta. Matokeo yakibandikwa, piga picha mstari wako wa kuanzia. Kisha tafuta kitu cha kudumu ukutani kilicho mkabala na nafasi yako, maana ukirudi toka mzunguko wa kupasha moto, na moyo unavyopiga, namba zote za chini zinafanana.

Kuanza kwenyewe. Gia ya kwanza, kifua mbele juu ya tangi, injini kwenye mvumo mmoja usiopanda wala kushuka. Taa nyekundu zitawaka, zitakaa sekunde chache, zitazima. Bodaboda wanaachia klachi kwa pupa kwa sababu injini zao ni ndogo, hazina nguvu za kunyanyua gurudumu la mbele kirahisi. SV ni kitu kingine. Ukiiachia hivyo SV itanyanyua tairi la mbele, au itazimika. Iachie mpaka inapoanza kushika, itulize hapo, kisha malizia. Ikizimika, usishuke, usijaribu kusukuma pembeni: nyoosha mkono juu, kaa juu ya pikipiki ulivyo, wote wa nyuma wakuone na kukukwepa.

Na sasa hofu yako. Una haki ya kuogopa mzunguko wa kwanza, ila ulivyoupangia ndivyo sivyo. Anayeanzia nyuma ndiye mwenye nafasi salama kuliko wengi: mbele yake kuna picha nzima ya wanachofanya wenzake, na nyuma yake kuna watu wachache. Kona ya kwanza ni Paddock Hill, inakata kulia na barabara inaporomoka, unapinda kabla hujaona utakakotokea. Pale wote thelathini watakuwa wamebanana. Wewe shika breki mapema kidogo kuliko ulivyoshika kwenye kufuzu, wapishe wanaotaka kufa, pinda kwa mstari wako. Nafasi unazopoteza hapo utazirudisha mbele kwa sababu wawili watatu watakuwa wamepanuka.

Chini ya Paddock barabara inapanda, kipande kile kinaitwa Hailwood Hill, kwa jina la Mike Hailwood, bingwa wa dunia mara tisa. Juu kuna Druids, kona kali ya kulia. Ukitoka Druids unashuka kuelekea Graham Hill, na hapa naomba utulie, nikueleze vizuri.

Graham Hill inakata kushoto. Njia fupi ya Brands Hatch ina kona mbili tu za kushoto, hiyo na Surtees iliyo ng'ambo ya pili. Zilizobaki zote ni za kulia. Maana yake ni kwamba upande wa kulia wa tairi lako unapikwa mzunguko mzima, na upande wa kushoto, ukishatoka Surtees, haugusi lami ya maana tena mpaka umepita Clearways, umepita Clark Curve, umepita watazamaji, umeshuka Paddock, umepanda Druids. Hiyo ni zaidi ya nusu ya njia. Unafika Graham Hill unateremka, mkono umenoga, tairi unaliamini kwa sababu Druids lilikushika vizuri, na upande unaoulalia ni wa baridi. Hata wa British Superbike, mbio kubwa za pikipiki za Uingereza, wenye mablanketi ya umeme ya kupasha tairi na mafundi wa kuwahesabia joto, wanaanguka pale, hasa mizunguko ya mwanzo na asubuhi za baridi. Kwa hiyo mizunguko miwili ya kwanza ingia Graham Hill kwa heshima. Pinda bila kushtua, usishike breki ukiwa umelala, usivute mafuta mpaka pikipiki imeanza kuinuka. Ukiwa na mablanketi ya tairi yatumie, ila yasikudanganye: ukingoja kwenye foleni ya kuingia uwanjani na upepo wa Kent unavuma, joto hilo linakwenda zake.

Surtees ukiifikia, mkumbuke mwenyewe John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za 500cc na kisha wa Formula One. Halafu msahau haraka, maana Clearways ni ndefu na inakudanganya uvute mapema.

Kuhusu kugongwa kwa nyuma, hapa ndipo bodaboda inapokuponza. Barabarani Tanga uliishi kwa kuchungulia. Unageuza shingo kulia, kushoto, unasikia honi unasogea, lori likija unampisha mkubwa. Tabia hiyo ilikuweka hai. Uwanjani itakuangusha wewe na mwenzako. Anayekuja nyuma ana mwendo zaidi yako na ameshachagua pa kupitia, kwa kutazama mstari wako. Amekadiria kwamba utaendelea pale ulipo. Ukimsikia ukasogea kwa adabu, umesogea kwenye njia yake. Kazi ya kupita salama ni ya anayepita, kazi yako ni kutabirika. Shika mstari wako uleule, shika breki palepale ulipozoea, usigeuke nyuma hata mara moja. Vioo umeving'oa, na shingo nayo iache ipumzike.

Ndiyo maana kizibao cha rangi ya chungwa ninakipenda kuliko unavyokichukia. Bodaboda gani anaona aibu kuvaa reflekta? Kile kizibao kinamwambia aliye nyuma: huyu anaweza kufunga mafuta mapema, mwachie nafasi. Sasa hivi mimi husimama kwenye kona na bendera, na nakuhakikishia kwamba wazoefu wakiona rangi ile wanapita mbali zaidi kuliko wanavyopita wenzao. Wasiojali ni wanagenzi wenzako, na hao ndio ufikirie zaidi. Kizibao utakivua chama kikishaona umeshiriki vizuri mara za kutosha, katika viwanja tofauti, na kukupandisha daraja.

Kupitwa na kinara kwa mzunguko mzima jiandae nako. Tuseme wewe unamaliza mzunguko kwa sekunde 62 na yeye kwa sekunde 54. Akiwa katika mzunguko wake wa nane atakukuta. Mbio za klabu mara nyingi ndiyo zinaishia hapohapo, kwa hiyo atakukuta mwishoni kabisa, akiwa anagombania ushindi na wengine wawili, nao wote hawana muda wa salamu. Utaonyeshwa bendera ya bluu. Haikuamuru usimame wala ujitupe pembeni. Inakuambia wapo, basi. Endelea na mstari wako.

Bendera nyingine umefanyia mtihani, sitarudia zote. Ila ya manjano ikipepea, mwanagenzi huiona akaendelea kumkimbiza aliye mbele kwa sababu yule naye hajapunguza. Wewe punguza, na usimpite mtu mpaka uone ya kijani. Aliyelala chini mbele yako anaweza kuwa na watu wawili wamepiga magoti pembeni yake, na mmoja wao anaweza kuwa mimi. Nyekundu: inua mkono, punguza taratibu, rudi kwenye gereji, usikanyage breki ghafla katikati ya njia. Nyeusi yenye duara la chungwa na namba yako: chombo chako kina hitilafu, toka njiani papo hapo.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu moja. Ukihisi injini imebadilika sauti, au buti linateleza kwenye kikanyagio, usijikongoje mpaka gereji. Inua mkono, sogea taratibu hadi pembeni, simama kwenye majani karibu na kibanda cha wasimamizi. Mtu anayezunguka nusu ya njia huku anadondosha oili ili afike gereji, anawaandalia wenzake ishirini kitanda.

Ukianguka, na ipo siku utaanguka, achia pikipiki. Ukiendelea kushika usukani itakuburuta, itakuvunja vidole, na itaishia kukulalia. Teleza kwa mgongo au kwa kiuno, mikono ikiwa karibu na kifua. Usijaribu kusimama mpaka una hakika umeacha kuteleza. Watu wengi huinuka wakiwa bado wana mwendo, ndipo wanavunjika miguu. Kisha tazama magari, nina maana pikipiki, zinakotoka, uende nyuma ya kizuizi. Pikipiki iache, tutaileta sisi. Na kama uligonga kichwa, hata kidogo, hata kama unajua siku na jina la rais, nenda kwa daktari wa uwanja, na akikuzuia kuendesha tena siku hiyo usibishane naye. Helmeti hiyo nayo imemaliza kazi yake, usiivae tena.

Kuwa wa mwisho sina la kukupoza. Kuna mtu lazima awe, na mara ya kwanza uwezekano mkubwa ni wewe. Hakuna atakayekumbuka Jumatatu. Wewe andika muda wako wa kila mbio kwenye daftari, wikiendi ya klabu inakupa zaidi ya moja, na utaona wenyewe unavyopungua toka Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni. Ukishavuka mstari, bendera ya mistatili myeusi na myeupe, usifunge mafuta ghafla. Kuna mwingine nyuma yako bado anashindana.

Tumalizie na mama. Mwambie. Simwoni mama wa Tanga asiyekuwa na shangazi, binamu au jirani mwenye mtoto Uingereza, na picha yako na kizibao cha chungwa itamfikia kwenye simu ya mtu kabla hujavua buti. Akisikia hivyo atakuwa na machungu mawili, la pikipiki na la kudanganywa. Mpigie siku ametulia, jioni baada ya kula, na usianze na neno mbio. Anza na uwanja: hakuna lori, hakuna mbuzi, hakuna shimo, wote wanaelekea upande mmoja, daktari na gari la wagonjwa vipo kabla ya pikipiki ya kwanza kuwashwa, na wasipokuwepo hakuna anayeruhusiwa kuwasha. Hayo ni ya kweli. Lakini akikuuliza kama mtu anaweza kufa pale, usimwambie hapana. Watu wamekufa kwenye viwanja vya namna hiyo, na mama aliyezika mtoto wa jirani atausikia uongo kwenye sauti yako. Mwambie inawezekana, mwambie unachofanya kupunguza, kisha nyamaza umwachie nafasi ya kukasirika. Huenda akakukatia simu. Atapiga.

Video ile ya kamera ya kwenye tangi usimtumie. Mtumie picha umekaa kwenye kiti na chapati yako.

Na kwenye fomu ya kusaini asubuhi ile kuna sehemu ya mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Usiandike namba ya mama, hata kama ndiye mtu wako wa karibu kuliko wote. Andika ya mtu wa Leicester anayejua kama una mzio wa dawa yoyote, na anayeweza kuwasha gari na kufika Kent usiku huohuo. Mwombe ruhusa kwanza.

Mjomba